Hilux ya dizeli ya 1994: oili ipi giaboksi, ipi difu, na kwenye rejeta niweke nini?

Mkia wa Pikapu:
Wakuu, habari za saa hizi.

Nimechukua Hilux ya mwaka 1994, dabo kebini, injini ya 3L isiyo na turbo, gia tano za mkono na fo-wili. Mwenyewe wa kwanza alilitunza, wa pili alilitumia tu, mimi wa tatu nimerithi matokeo ya wote wawili. Injini haina neno. Asubuhi inawaka nusu ufunguo na moshi wake ni wa kawaida. Kinachonikosesha raha ni giaboksi na maji.

Gari likiwa la baridi, gia ya pili inagoma. Nikiilazimisha inalia krrr, mpaka abiria anageuka kuniangalia. Kutoka ya tatu kurudi ya pili ndiko kubaya zaidi. Nikishatembea robo saa inalainika, ila haijawahi kuwa tamu. Nikafungua rejeta asubuhi: maji rangi ya kutu, na kidole kikatoka na tope jembamba la kahawia.

Nikamtafuta fundi aliyelishika mara ya mwisho. Akaniambia kwa kujiamini kabisa kwamba aliweka oili ya 140 kila mahali, giaboksi, transfa (ile giaboksi ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma) na difu zote mbili, maana "gari la zamani linataka oili nzito". Kwenye rejeta maji ya bomba. Themostati, kile kilango cha maji kinachofunguka kwa joto, alishaitoa siku nyingi "ili lisichemshe".

Nimeenda kutafuta oili nikaambiwa GL-5 ni bora kuliko GL-4 (alama za aina za oili ya gia) kwa sababu namba ni kubwa. Kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, nimeoneshwa ya kijani, nyekundu, bluu na ya waridi. Nimerudi mikono mitupu. Naombeni mwongozo, na tafadhali mtu asiniambie "weka yoyote".

Spana17:
Huyo fundi ana matawi. Alishapita na kwangu.

Ngano:
Nafuatilia, yangu pia inagoma ya pili.

Mzee Gredi:
Tuanze na hiyo namba, kwa sababu imeua giaboksi nyingi. GL-4 na GL-5 si madarasa ya shule kwamba wa tano kamzidi wa nne. Ni kazi mbili tofauti.

GL-5 ilitengenezwa kwa ajili ya difu la haipoidi, lile ambalo pinioni haielekei katikati ya kraunwili bali imeshushwa chini kidogo. Kwa mpangilio huo meno hayabingiriki tu yakapishana, yanaburuzana, na mzigo wote wa gari uko juu yao. Oili tupu hapo hukamuliwa ikatoka, chuma kikabaki kinasugua chuma. Kwa hiyo wanatia viambata vya salfa na fosforasi. Joto likipanda pale meno yanapobanana, viambata hivyo hushikana na chuma na kufanya utando unaokubali kuliwa badala ya meno. GL-5 ina viambata hivyo karibu mara mbili ya GL-4. Ile harufu nzito inayokukaa mikononi siku mbili baada ya kumwaga difu ni salfa hiyo.

Giaboksi yako ni dunia nyingine. Kila gia ina ringi ya sinkro, mara nyingi ya shaba ya manjano, na kazi ya ringi hiyo ni KUSUGUA. Ukisukuma mkono wa gia, ringi inaikumbatia koni ya gia na kuibana mpaka mizunguko ilingane, ndipo meno yanaingia bila ugomvi. Chukulia ni breki ndogo. Sasa breki ukiimwagia kitu kinachoteleza kupita kiasi itashika saa ngapi? Ukiiwekea oili nzito kama lami, ringi haiwahi kuikata ile oili ifike kwenye koni, hasa asubuhi. Ndiyo maana likipata moto linakusamehe.

Kwa hiyo 75W-90 ya GL-4 kwenye giaboksi na transfa. GL-5 kwenye difu. Hiyo 140 imwage leo, usingoje mwisho wa wiki.

Mkia wa Pikapu:
Shikamoo mzee. Nimekuelewa vizuri sana, hasa hapo pa breki. Lakini nimesikia pia kwamba GL-5 inakula shaba. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

Mzee Gredi:
Marahaba mwanangu. Ni kweli, salfa hai ikipata joto inaidhuru shaba. Nimefungua giaboksi nikakuta ringi zimegeuka nyeusi, meno yake yamelika yakawa makali kama msumeno.

Binti Kemia:
Mzee, kwa heshima zote, hapo nitapunguza chumvi kidogo.

Kuna jaribio la kawaida, ASTM D130. Wanachukua ukanda wa shaba uliong'arishwa, wanauzamisha kwenye oili ya moto kwa saa kadhaa, kisha wanalinganisha rangi yake na kadi ya rangi kuanzia 1a, ambayo haijabadilika sana, hadi 4c iliyoungua nyeusi. GL-5 za zamani ziliichafua shaba kweli. Za sasa nyingi zina vizuizi vya kuituliza salfa na zinapata alama nzuri. Kwa hiyo kusema kila GL-5 itayeyusha ringi zako si haki. Isitoshe, vitabu vingi vya Toyota vya miaka hiyo vinaruhusu "GL-4 au GL-5" kwenye giaboksi za mkono, mradi iwe 75W-90. Nissan wao huwa wanataja GL-4 peke yake kwenye giaboksi.

Pamoja na hayo, mimi mwenyewe ningeweka GL-4, kwa sababu ileile ya mzee ya breki. Shaba ikipona, mtelezo bado upo, na ringi iliyochakaa haihitaji kuongezewa utelezi. Sumu kubwa kwenye gari lako ilikuwa 140.

Angalizo la chupa zilizoandikwa "GL-4/GL-5" kwa pamoja: mara nyingi ndani ni GL-5 ambayo mtengenezaji anadai inafaa pia kwenye kazi za GL-4. Geuza nyuma usome maandishi madogo. Kama imeandikwa wazi kwamba inafaa giaboksi zenye sinkro, sawa. Kama inazungumzia difu tu, iache iende kwenye difu.

Ngano:
Samahani wakubwa, swali la mwanafunzi. Kama 90 ni nzito kuliko 40 ya injini, si hata hiyo 75W-90 ni nzito sana kwa asubuhi? Kwa nini nisiweke ya injini tu?

Binti Kemia:
Swali zuri Ngano. Ni rula mbili tofauti. Oili za injini zinapimwa kwa rula yake (SAE J300) na za gia kwa nyingine (SAE J306), na namba zikapangwa mbalimbali makusudi ili watu wasizichanganye. Matokeo yake watu wakachanganyikiwa.

Kwa nyuzi 100, oili ya gia ya 90 inatakiwa iwe kati ya 13.5 na 18.5 kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Oili ya injini ya 40 inaanzia 12.5 hadi 16.3, na ya 50 inaendelea hadi 21.9. Umeona? Tisini ya gia ni jirani wa arobaini na hamsini za injini. Hiyo 140 ya fundi inaanzia 24, hapo ni nyuzi 100. Kwenye baridi ya alfajiri pengo linakuwa kubwa zaidi.

Namba ya mbele yenye W inahusu baridi. 75W inabaki ya kutiririka kwenye baridi kali kuliko 80W, na 80W kuliko 85W. Hata mahali pasipo na theluji, 75W inasikika kwenye mkono wa gia dakika kumi za kwanza.

Dereva Usiku:
Kabla mtu hajasoma uzi huu akaondoka na 75W-90 kwa kila gari: USIFANYE HIVYO. Nimewahi kuendesha pikapu za Isuzu za zamani ambazo giaboksi yake kitabu kinataka oili ya INJINI. Ukiweka ya gia inakuwa ngumu, unadhani klachi imekufa. Land Rover zenye giaboksi ya LT77 zinatumia ATF, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Kuna transfa za mnyororo nazo zinataka ATF. Kitabu cha gari kwanza, vijiwe baadaye.

Na kama difu la nyuma ni la LSD, yaani lile linalozuia gurudumu moja kuzunguka bure, linahitaji GL-5 yenye maandishi ya LSD, au uongeze kiambata chake. Ukiweka ya kawaida, ukikata kona kali polepole utasikia nyuma linatetemeka na kuguguna. Kulijua: nyanyua magurudumu yote ya nyuma, zima injini, gia iwe huru, zuia magurudumu ya mbele, halafu zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likienda upande uleule, kuna uwezekano mkubwa ni LSD. Likienda kinyume, ni difu la kawaida, au LSD iliyochoka kabisa.

Spana17:
Sasa mambo ya chini ya gari, maana mnaongea kama watu wenye mikono misafi.

Mkuu Mkia, FUNGUA NATI YA KUJAZIA KWANZA. Kabla hujagusa ya kumwagia. Nati ya kujazia ikigoma na oili umeshaimwaga chini, gari lako limegeuka fenicha. Nimelala chini ya gari usiku na tochi mdomoni kwa kosa hilo, nikipiga nati nyundo huku nikijitukana.

Tembea kwanza dakika ishirini ili oili iwe nyepesi na uchafu uelee. Egesha pa tambarare, weka stendi imara, jeki peke yake usiiamini. Unapojaza, unajaza mpaka oili ianze kuchungulia na kutiririka tundu la juu. Basi. Hakuna "niongeze kidogo ya akiba", maana ya akiba itatafuta njia kupitia sili. Zile wosha za kubana za nati weka mpya, hazina bei ya kuzisikitikia.

Halafu kile kipumulio cha juu ya ekseli ya nyuma, kikofia kidogo cha chuma. Kizungushe kwa vidole. Kikiwa kimeganda kwa tope, hewa ya moto ndani haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili za magurudumu mpaka kwenye breki. Watu wanabadilisha sili mara tatu, kumbe tatizo ni kikofia.

Mkia wa Pikapu:
Wakuu, nimerudi na mrejesho, mikono bado inanuka.

Nati ya kujazia ya giaboksi ilinipa dakika arobaini. Ilikuwa imebanwa kwa chuki. Nikaipaka mafuta ya kulegezea kutu, nikaipasha moto kidogo, nikaweka bomba refu kwenye mkono wa spana, ikalia taa! kama risasi. Nilidhani nimekata kitu. Baada ya hapo ya kumwagia ilifunguka kirahisi.

Oili haikumwagika, ilishuka. Nyeusi, nzito, inakuja kwa uzi mmoja mnene kama haina safari. Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na ute wa kijivu kama unene wa ukucha. Lakini kilichonisumbua ni kingine: nilipoinamisha beseni juani, ndani ya oili kuna vumbi la dhahabu linameremeta. Nimepitisha sumaku, halikamatiki.

Mzee Gredi:
Ute wa kijivu laini ni chuma cha kawaida cha kuchakaa. Ukiusugua kati ya vidole ukawa laini, usiwe na wasiwasi. Ukikuta vipande vinavyochoma, hivyo ni meno au beringi, na hapo ungefungua.

Hiyo dhahabu isiyoshikwa na sumaku ndiyo shaba ya ringi zako mwanangu. Kila ulipolazimisha ya pili, ulikuwa unaichonga kidogo. Weka GL-4 halafu utumie adabu kwenye gia: kanyaga klachi mpaka chini, hesabu moja, ndipo usukume. Kurudi kutoka ya tatu, acha mwendo ushuke kwanza. Oili nzuri itaipunguzia ringi kazi. Haitairudishia shaba iliyokwisha toka.

Spana17:
Difu la nyuma je?

Mkia wa Pikapu:
Difu la nyuma limetoa oili rangi ya kijivu cheupe, kama rangi ya ukutani iliyochanganywa maji. Na kile kikofia ulichosema mkuu kimeganda kabisa, nimelazimika kukitoa kwa koleo.

Dereva Usiku:
Hiyo ni maji. Kaka, jamaa alivuka mto. Difu likiwa la moto likizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili na kipumulio. Mwaga, jaza oili ya bei ya kawaida, tembea kilomita chache, mwaga tena, ndipo uweke ile nzuri ya GL-5. Ukiweka nzuri mara moja utakuwa umesafishia.

Kwenye kipumulio vuta mpira mwembamba mpaka juu karibu na bodi. Kazi ya nusu saa.

Mkia wa Pikapu:
Asanteni. Sasa turudi kwenye rejeta, maana hapo ndipo nina hofu zaidi. Rangi zinanichanganya.

Dereva Usiku:
Mimi miaka yote naweka maji tu na gari linatembea.

Binti Kemia:
Linatembea, ndiyo. La Mkia nalo lilikuwa linatembea.

Maji peke yake yana sifa moja kubwa ambayo watu hawaitaji: yanabeba joto VIZURI kuliko kulanti. Nyuzi moja ya joto kwenye kilo ya maji inachukua kama kilojuli 4.2. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unachukua kama 3.4 hivi. Kwa hiyo anayekwambia kulanti "inapoza zaidi" anakosea. Tunaiweka kwa mambo mengine. Inapandisha kiwango cha kuchemka: nusu kwa nusu bila mgandamizo ni kama nyuzi 107, na mfuniko mzima wa rejeta unaongeza zaidi ya hapo. Inashusha kuganda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, kwa wenye shida hiyo. Na kubwa kuliko yote, ina vizuia kutu. Tope la kahawia ulilolitoa kwa kidole ni bloku ya injini yako inayosagika kidogo kidogo.

Kuhusu rangi: ni wino. Hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji kwamba kijani iwe hivi na nyekundu iwe vile. Kijani ya huyu inaweza kuwa ya asidi za ogani, na kijani ya yule ikawa ya chumvi za zamani. Soma maandishi.

Familia kubwa ni hizi. Ya zamani kabisa hutumia chumvi za silikati, fosfati, borati na wenzake. Inafanya kazi haraka kwa kutandika ngozi juu ya kila chuma, ila inaisha nguvu, kwa hiyo badilisha kila miaka miwili. Nyingine ni ya asidi za ogani, ile ya "miaka mitano". Hiyo haitandiki kila mahali, inakwenda pale kutu inapoanza, ndiyo maana inadumu. Kuna chotara za hizo mbili, na watengenezaji wa Japani wana ya kwao: asidi za ogani na fosfati, bila silikati. Toyota wenyewe wana nyekundu ya kuchanganya na maji na ya waridi iliyochanganywa tayari nusu kwa nusu.

Kwa gari lako swali ni rejeta. Kama bado ni ile ya shaba iliyounganishwa kwa risasi, asidi za ogani peke yake si chaguo langu, kwa sababu kinga yake kwa risasi ya kuunganishia ni hafifu ukilinganisha na ya zamani. Ningekwenda na nyekundu ya Kijapani yenye fosfati, au ya kijani ya zamani isiyo ya kubahatisha, iliyoandikwa JIS K 2234 au ASTM D3306. Halafu niandike tarehe kwa rangi kwenye bodi ndani ya boneti nisisahau.

Ngano:
Kuna ya maroli yenye nitriti, wanasema ndiyo ya dizeli hasa. Hiyo je?

Binti Kemia:
Ni ya dizeli zenye slivu za maji, yaani silinda inayochomolewa ambayo mgongo wake unaoshwa na maji moja kwa moja. Mlipuko wa dizeli unaipiga slivu, inatetemeka, viputo vinazaliwa na kupasuka mgongoni mwake, kila kimoja kinadonoa chuma. Ukikaa hivyo, slivu inatoboka na maji yanaingia kwenye silinda. Nitriti inaweka ngozi inayostahimili madonoo hayo. Injini ya 3L haina slivu za namna hiyo, kwa hiyo usilipie ugonjwa ambao huna.

Mzee Gredi:
Niongezee la themostati, maana hili linaniuma. Mwanangu, irudishe. Injini nyingi za dizeli za aina hii themostati yake ina kazi mbili: ikifunguka kuelekea rejeta, mguu wake wa chini unaziba njia ya mkato ambayo maji hupita injini ikiwa baridi. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka injini kwa injini bila kuiona rejeta. Kwa hiyo kwenye mteremko gari halipati joto kabisa, na kwenye mlima wenye mzigo ndipo linachemsha. Watu wanashangaa "mbona nimetoa themostati na bado?"

Na dizeli inayotembea baridi haiunguzi vizuri, inakula silinda na kuichafua oili ya injini.

Ukinunua mpya, ijaribu kabla hujaifunga. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto. Nyuzi za joto zimechongwa kwenye themostati yenyewe, mara nyingi 82 kwa injini hizo. Ikianza kufunguka karibu na hapo ni nzima. Kile kitundu chenye kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ndicho kinachotoa hewa.

Spana17:
Kusafisha: fungua hita ya ndani iwe moto wa mwisho, mwaga rejeta, na bloku ina nati yake ya kumwagia, usiisahau. Jaza maji safi, washa mpaka themostati ifunguke, zima, SUBIRI IPOE, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Kwangu ilikuwa mara sita. Zile dawa za kuziba uvujaji kaa nazo mbali, zinaziba na hita pia.

Binti Kemia:
Na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Ukishasafisha, maji hayatoki yote. Tuseme mfumo mzima unabeba lita 10 na ulipomwaga zimetoka 6. Lita 4 za maji ziko ndani bado. Ukijaza lita 6 za kulanti iliyochanganywa tayari, umeweka lita 3 za kulanti halisi kwenye lita 10. Hiyo ni asilimia 30, si 50. Tumia isiyochanganywa: mimina lita 5 zake kwanza, halafu lita 1 ya maji. Pima unachomwaga, usikadirie kwa macho.

Maji ya mwisho yawe yaliyotoneshwa, yale ya betri. Ya bomba na ya kisima yana kalisi na magnesi, yanaacha ukoko kwenye njia nyembamba za rejeta.

Spana17:
Hapo kwenye maji ya betri nina kisa. Nilimtuma kijana alete maji ya betri ya kuchanganyia kulanti. Akaleta chupa, nikafungua, nikainusa kwa bahati tu. Ni ASIDI ya betri. Chupa zinafanana, mfuniko tu rangi tofauti. Soma kilichoandikwa kabla ya kumimina, na usimwachie mtoto wala mbwa ile kulanti iliyomwagika. Ni tamu na inaua figo.

Mkia wa Pikapu:
Mrejesho baada ya wiki mbili.

Rejeta nimeosha mara saba. Maji ya kwanza yalikuwa kama udongo mwekundu, ya saba nikaona kitako cha ndoo. Themostati mpya ya 82 nimeichemsha kwenye sufuria ya zamani, ikaanza kufungua mdomo kwenye 81 hivi. Mtoto alidhani nimerukwa na akili. Nimeweka kulanti nyekundu yenye JIS K 2234, isiyochanganywa, kwa hesabu ya dada Binti Kemia. Mshale wa joto sasa unapanda, unasimama chini kidogo ya katikati, na haubanduki hata kwenye mlima. Zamani ulikuwa unacheza kama saa mbovu. Mfuniko wa rejeta nao nimeubadili, mpira wake wa chini ulikuwa umepasuka.

Giaboksi na transfa, 75W-90 GL-4. Ya pili asubuhi sasa inaingia nikihesabu moja kama alivyosema mzee. Nikiiharakisha bado inalia, ila ni kr, si krrr. Ringi imeshachakaa, nimekubali.

Dereva Usiku:
Kaka mimi nami nimekwenda kufungua rejeta yangu baada ya uzi huu. Sitaki kuzungumzia nilichokiona.

Binti Kemia:
😂 Karibu. Mkia, ukipata multimita ingiza waya mmoja kwenye kulanti bila kugusa chuma cha rejeta, mwingine kwenye hasi ya betri, injini ikiwa inaunguruma na taa umewasha. Chini ya volti 0.1 uko salama. Ikifika 0.3 tafuta waya wa athi uliolegea, maana umeme unapita kwenye maji na hakuna kulanti itakayouzuia kutoboa rejeta.

Mkia wa Pikapu:
Nimepima sasa hivi: 0.06. Difu la nyuma nimemwaga mara ya pili, oili imetoka na uchafu mdogo tu, hakuna weupe. Kesho ni difu la mbele. Nimeshajaribu nati ya kujazia kwa mkono leo, haijatikisika, kwa hiyo ya kumwagia sijaigusa.

Spana17:
Hapo sawa. Lete picha.